Chujio la Tatu

Chujio la kwanza la Kizuka, kilimani juu ya mji, nililifunga mimi mwenyewe, na kwa muda mrefu halikunisumbua. Maji yalitoka kwenye kijito kinachoshuka milimani, yakaingia kwenye tangi la zege, yakapita kwenye chujio la mchanga, ndipo yakateremka kwa bomba mpaka mitaa ya Rumonge. Hakuna pampu wala injini, mteremko wenyewe ndio unaoyasukuma. Mimi ni enjenia, mzaliwa wa Rumonge, mtaa wa Waswahili, na katika nchi ambayo watu hulala kwenye foleni ya esansi, yaani petroli, nilijivunia mtambo usiohitaji hata tone moja.

Halafu chujio likaanza kuziba.

Kila tulipolifungua tulikuta mchanga umegandamana kama uji uliolala, unateleza, unanuka mawese. Tukaosha. Kuosha chujio ni kuyarudisha maji safi kinyume, kutoka chini kwenda juu, mpaka uchafu uelee na kumwagika nje. Kwa hiyo kila unapoosha unamwaga maji ambayo yangefika mjini. Mwanzoni tuliosha kila wiki, baadaye ikawa kila kukicha, na huko mjini mabomba yakaanza kukohoa hewa. Mama yangu mzazi alinipigia simu kuniuliza kama nimehamia kazi nyingine.

Mkuu wangu wa kazi aliomba chujio la pili. Likaja, tukalifunga, likaziba kama la kwanza, na sasa tukawa na mawili ya kuosha.

Chanzo chake hakikuwa siri. Juu kidogo ya tangi letu kuna kinu cha mawese cha chama cha wakulima, na wengi wanaofanya kazi pale ni wanawake. Walikuwa wamepata presi mpya, kubwa kuliko ya zamani, na yale maji mazito ya kahawia yanayobaki baada ya kukamua yalikwenda mtaroni, mtaro ukayapeleka kijitoni. Hilo aliliona kila mtu mwenye pua. Nusu ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuiona. Watu wa kinu walichota maji ya kuchemshia kwenye bomba letu lililo karibu na tangi, wakiyapandisha kwa madumu juu ya baiskeli. Bomba lilipokauka, hawakusimama. Walihamisha mapipa yao mpaka ukingoni mwa kijito, wakachota humo humo, wakachemsha hapo hapo, wakamwaga humo humo. Sasa uchafu haukupita hata mtaroni. Ulitufikia mzima mzima. Tukaosha zaidi, bomba likakauka zaidi, na mapipa yakazidi kushuka mtoni.

Nilichora mambo hayo kwa mishale kwenye karatasi, mshale wa mwisho ukarudi kwenye wa kwanza, nikampelekea mkuu. Nilimwambia kwamba hapa hakuna chujio bovu, kuna duara, na kila chujio tunaloongeza linalizungusha duara kwa kasi zaidi. Dawa yake ni shimo pana la kutulizia uchafu kati ya kinu na kijito, palipo na shamba la mihogo, ili mafuta yaelee, tope lizame, na maji yatoke yakiwa mepesi.

Mkuu alisikiliza. Si mtu mbaya, ni mchapakazi ambaye hufika ofisini kabla mlinzi hajafungua geti. Alikunja karatasi yangu vizuri kabisa.

"Dada, yote iko kweli," akasema. "Lakini sisi ni watu wa maji. Mawese iko na wenyewe."

Akanieleza kwamba mfadhili hutoa vifaa, na kifaa hupigwa picha, kinawekwa kwenye ripoti. Shimo katika shamba la mihogo la watu wengine nani atalipiga picha? Alikuwa ameshaomba chujio la tatu. Nikatoka nje nikasimama kwenye jua, nikajisikia kama mtu anayepiga kelele ndani ya mtungi.

Jambo lililonichosha zaidi ni kwamba wakati ule ule nilikuwa nafundisha somo hilo hilo. Chuo kimoja cha Bujumbura kilikuwa kimeniomba niwafundishe mafundi wa maji wa pwani ya ziwa, kwa njia ya mtandao, namna ya kuutazama mtambo pamoja na vyote vinavyoushika: udongo, watu, mvua, sheria, tabia. Wao waliliita kufikiri kimfumo. Mimi niliwaambia wanafunzi kwamba ni kuuliza swali moja la ziada: nikigusa hapa, ni wapi kwingine kutatikisika?

Nilijirekodi nyumbani, nimetundika kitenge ukutani nyuma yangu, nikisubiri majogoo wa jirani wanyamaze. Mafundi walikuwa wametawanyika kuanzia Gitaza mpaka kusini kwetu. Kila somo lilikuwa video, na baada ya video mtihani mdogo unaofungwa ukichelewa. Usipofanya mtihani, somo linalofuata halifunguki. Mwezi wa kwanza walijaa. Baadaye walianza kudondoka kama nywele za mgonjwa.

Mratibu wa masomo alikuwa mwanamume mpole sana wa Bujumbura. Sikuwahi kumwona uso kwa uso, ila sauti yake niliijua kuliko ya jirani. Kwenye kompyuta yake kila mwanafunzi alikuwa na mstari, na mistari ilikuwa ikigeuka myekundu. Akaniomba nirekodi video fupi ya kuwatia moyo. Nikarekodi. Mistari myekundu ikaongezeka. Akaongeza video ya kurudia yale waliyoyakosa. Ikaongezeka tena. Akaongeza mtihani mwingine, ili tujue ni nani aliye makini. Nilifanya yote aliyotaka, nikiwalaumu mafundi moyoni. Niliona wamezoea vya bure, hawataki kusoma.

Mmoja wao alikuwa fundi wa Minago. Mwanzoni alikuwa ndiye anayeuliza maswali mengi kuliko wote, kisha akatoweka. Siku moja asubuhi aliingia ofisini kwangu, kofia ya pikipiki mkononi. Alikuwa ameteremka mjini kutafuta esansi, hakupata, akaona asirudi bila kunisalimia. Tukapeana amahoro, yaani salamu ya amani, nikamkaribisha kiti, na kwa hasira niliyokuwa nayo sikuzunguka. Nilimuuliza kwa nini aliacha masomo.

Alinitazama kama mtu aliyesingiziwa.

"Sikuacha, mwalimu," akasema. "Nilihudhuria. Mashini ndiyo haikuniona."

Akanieleza. Kwake mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kilima, kwenye michikichi. Anapanda huko baada ya kazi. Video inaanza, inafika katikati, inakatika. Akiifungua tena inaanzia mwanzo na kula mega za mtandao upya, na mega za simu kwa fundi wa kijijini si maji ya mvua. Mara mbili tatu aliimaliza video akiwa hana mega ya kufanyia mtihani. Alipopata nyingine, mtihani ulikuwa umefungwa. Kisha zikaja zile video za kumtia moyo, na simu yake ikazipakua yenyewe kabla hajajua, ikammalizia mega zilizobaki.

"Ile ya kunitia moyo ndiyo iliniua," akasema, na hakuwa anatania.

Alipoondoka sikuweza kuendelea na kazi. Nilichukua karatasi nikachora mishale. Wanafunzi wanapungua, tunaongeza video. Video zinakula mega, wanafunzi wanapungua. Nilichora mpaka mshale ukarudi ulikoanzia, na nilipoutazama mchoro ule nilibadilisha maneno tu, nikaandika chujio palipoandikwa video, ukawa ule ule niliompelekea mkuu wangu. Sikufurahi kuona hivyo. Niliona uchungu, kama mtu aliyekwenda kwa mganga wa meno na kukuta mganga mwenyewe hana meno.

Nikampigia mratibu, nikamweleza yote. Akanishukuru, akasema ni maoni mazuri sana, atayafikisha. Nilisubiri. Kilichokuja ni ujumbe wa kunikumbusha nirekodi video ya somo linalofuata.

Basi sikurekodi. Niliwakusanya mafundi katika kundi la simu, nikawatumia sauti yangu tu, kipande kifupi, na picha ya mchoro niliouchora kwa mkono. Sauti ni nyepesi. Inaingia hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na mtu anaisikiliza anapopata nafasi, akiwa anafunga nati au amekaa kwenye foleni. Mtihani nikaufuta. Badala yake nilimwomba kila mmoja anipigie picha ya kitu kimoja kinachomsumbua kazini, anieleze kwa sauti ni nini hutokea kabla yake na nini baada yake.

Siku chache palikuwa kimya. Kisha wakaanza, na hawakunyamaza tena. Fundi wa Minago alituma sauti ndefu, nyuma yake mbuzi wanalia, kuhusu pampu ya mkono inayovunjika kila kiangazi kwa sababu pampu ya kijiji jirani huvunjika kwanza na watu wote huhamia kwake. Mwanamke mmoja wa Gitaza, anayesimamia bomba la umma karibu na vichanja vya kuanikia ndagala, wale dagaa wa ziwani, alituma picha ya koki iliyoachwa wazi, chini yake ndoo hazina mwenyewe. Watu wa kwake huacha koki wazi siku nzima, akaeleza, kwa kuwa maji huja yanapotaka, na anayekuta ndoo yake imejaa ndiye mwenye bahati. Tangi linaisha kwa hayo, na kwa kuwa tangi linaisha, maji yanakuja yanapotaka.

"Kila siku niliwagombeza kwamba ni wachafu wa tabia," akasema kwenye sauti yake. "Kumbe na mimi nisingejua maji yatakuja saa ngapi, ningeacha ndoo yangu hapo."

Nilimsikiliza nikiwa jikoni, nikaacha ugali ukashika chini. Hiyo ndiyo ilikuwa maana yote ya somo, na hakuna video yangu hata moja iliyowahi kuisema vizuri hivyo. Baada ya hapo akaanza kuandika saa za maji kwa chaki ukutani, na ndoo zisizo na mwenyewe zikapungua. Hazikuisha. Kuna watu huacha ndoo tu.

Mratibu alinipigia simu. Sauti yake bado ilikuwa ya upole. Akasema kwenye kompyuta yake darasa langu limekufa, mistari yote ni myekundu. Nikamwambia darasa liko hai kuliko wakati mwingine wowote, nikajitolea kumwingiza kwenye kundi asikie mwenyewe.

"Nakuamini, madamu," akasema. "Lakini sauti haihesabiki. Mfumo hauna mahali pa kuiweka."

Nilicheka: somo lenyewe lilikuwa la kufikiri kimfumo.

Wakati huo Kizuka mambo yalikuwa yamefika shingoni. Kiangazi kilikuwa kimepunguza kijito, machujio mawili yakawa yanakunywa maji mengi kuliko yanayotoa, na bomba la karibu na tangi likakauka kabisa. Mwenyekiti wa chama cha kinu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita ng'ambo ya bonde, aliteremka na wenzake mpaka kwenye tangi letu. Kijitoni nako hawakuweza kuchemsha tena. Maji yenyewe yalikuwa yameoza, na mawese waliyokamua kwayo wanunuzi wa sokoni waliyanusa na kuyarudisha. Alikuja kutushitaki. Alisema sisi watu wa maji tunawapelekea maji wakubwa wa mjini na kuwaacha wao.

Mkuu wangu alianza kumjibu kwa maneno ya ofisi. Nikamwomba ruhusa, nikamwambia yule mama tutembee kidogo. Hakutaka. Alidhani nataka kuwasingizia watu wa mawese ili nijisafishe, na alinieleza hivyo waziwazi, mbele ya watu. Lakini alikuja. Tulipanda kwa kufuata kijito, kutoka kwenye chujio mpaka kwenye mapipa yake mwenyewe. Sikuzungumza sana. Nilimwonyesha mchanga ulioganda, nikamwonyesha maji tunayomwaga kuuosha, nikamwonyesha bomba kavu, tukafika kwenye mapipa. Akasimama hapo, mikono kiunoni, akageuka kutazama chini tulikotoka.

"Kwa hiyo bomba najifungia mimi mwenyewe?"

"Tunalifunga pamoja," nikamjibu. "Ni duara. Nyinyi mnalizungusha huku, sisi tunalizungusha kule."

Nikamweleza habari ya shimo la kutulizia uchafu. Kisha akaniuliza shimo lichimbwe wapi.

Shamba lililofaa lilikuwa la familia moja iliyopanda mihogo, na mwenye shamba hakulitoa kirahisi. Watu wa chama walikwenda kwake mara nyingi, mimi nikienda nao mara nyingine, na mwisho akakubali kutoa kipande kidogo kuliko nilichoomba, kwa sharti kwamba tope likikauka liwe mbolea yake. Chama kilichimba chenyewe. Wanawake walikuja na majembe baada ya kazi ya kinu. Mkuu wangu alifika siku moja, akatazama, akasema ni kazi nzuri, akauliza kama ofisi inahusika. Nikamwambia haihusiki. Akaonekana kupata nafuu.

Shimo halikuwa na ukubwa wa kutosha. Presi ikifanya kazi mfululizo, uchafu hupita juu na kuingia kijitoni kama zamani. Lakini siku nyingi linashika. Mchanga wa chujio ukaacha kunuka, tukarudi kuosha kwa nafasi, bomba likatoa maji, mapipa yakapanda kurudi kinuni. Mama yangu akaacha kunipigia simu za kejeli.

Ndipo likafika chujio la tatu. Lilikuja kwa lori, jipya, la buluu, wakati ambao hata la pili halikuwa na kazi. Nilimwendea mkuu nikamwomba tulirudishe, au tulipeleke Minago ambako kuna tangi lisilo na chujio lolote. Haikuwezekana. Liliandikwa Kizuka, lazima lifungwe Kizuka, na wageni wa mfadhili wangekuja kulitazama. Nililifunga. Nilikaza kila nati huku meno yamekazana. Wageni wakaja, wakasimama mbele yake, wakapigwa picha, na katika hotuba fupi ilisemwa kwamba maji ya mji yamerudi kutokana na kifaa hiki. Yule mama wa kinu alikuwa amesimama nyuma, nguo yake ya kazi ina madoa mekundu ya mawese. Hakuna aliyemwuliza kitu. Tulitazamana, akanyanyua mabega.

Muda mfupi baadaye nilipokea ripoti ya masomo. Darasa la pwani ya ziwa limefungwa, ilisema, kwa kuwa washiriki walikosa ari. Neno ari nililisoma nikiwa nimekaa, nikasimama, nikalisoma tena. Nilimfikiria mtu anayepanda kilima baada ya kutwa ya kazi ili akatazame nusu ya video. Nikampigia mratibu, na safari hii mimi ndiye niliyepoteza upole. Nilimwambia afute neno hilo. Aandike kwamba sisi tulikosa njia, aandike hata kwamba mwalimu ni mbovu, lakini neno hilo alifute. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nitajaribu," akasema. "Lakini na mimi iko na watu wananihesabu, madamu."

Sikuwa nimewahi kumfikiria yeye kama mtu aliye ndani ya duara. Nilimdhani ndiye anayelizungusha. Alikuwa na mkuu wake, na mkuu huyo alikuwa na kompyuta yake, na huko nako kulikuwa na mistari. Hasira yangu haikuisha kwa kujua hivyo. Ilikosa tu mahali pa kutua, na hasira ya namna hiyo ndiyo nzito kuliko zote.

Neno halikufutwa. Kutoka chuoni ilikuja barua nzuri ya kunialika kwa mwaka unaofuata, ikisema kwamba safari hii video zitatiwa muziki na rangi ili zivutie. Nilijibu kwamba nitakubali ikiwa masomo yatakuwa ya sauti, mtihani usifungwe, na atakayetuma kazi yake kwa njia yoyote ahesabiwe amehudhuria. Sijajibiwa mpaka leo.

Kundi la simu lipo bado. Silipwi, na siku nyingine nachoka, naizima simu. Jana fundi wa Minago alituma picha ya ufa kwenye tangi lao, akauliza aanze na saruji au na mizizi ya mti unaolisukuma. Mwanamke wa Gitaza alishamjibu kabla yangu, na sikukubaliana naye. Tulibishana mpaka adhana ya alasiri, na bado hatujamaliza.